Maji Yanapokuwa Njia: Kuteleza Juu ya Mabwawa Yaliyoganda

Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, katika kitabu chake juu ya akili ya binadamu kilichotoka mwishoni mwa karne ya 17, amesimulia kisa cha balozi wa Uholanzi mbele ya mfalme wa Siam, nchi ambayo leo huitwa Thailand. Mfalme alipenda kusikia habari za nchi za mbali, na balozi akimsimulia, naye akiyapokea yote. Hata siku moja balozi akamweleza kwamba kwao, baridi inapozidi, maji huwa magumu mpaka watu wakatembea juu yake, na lau angalikuwako tembo, maji hayo yangalimbeba. Hapo subira ya mfalme ikakoma. Akamwambia balozi kwamba maajabu mengine yote aliyasadiki, lakini kwa hili sasa amejua kuwa ni mwongo.

Tusifanye haraka kumcheka mfalme. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro, akaandika kwamba kileleni mwake mna theluji. Wakatokea mabingwa huko Ulaya, watu waliozaliwa na kukulia katika theluji, wakamkanusha. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, alishikilia kwa miaka mingi kwamba jambo hilo haliwezekani. Basi mtu wa nchi ya joto hakuiamini barafu ya nchi ya baridi, na watu wa nchi ya baridi hawakuiamini theluji ya nchi ya joto. Kila mmoja aliipima dunia kwa ua wa nyumba yake.

Yule balozi alisema kweli. Katika Uholanzi, Uswidi, Urusi, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, maji ya bwawa hushika yakawa sakafu, na watu wazima kwa watoto hufunga viatu vyenye ulimi wa chuma chini ya nyayo, wakateleza juu yake kama ndege anayeshuka bila kupiga bawa. Siku hizi wamo ndugu zetu wengi katika nchi hizo, waliotoka Mombasa na Unguja, Lamu na Dar es Salaam. Watoto wao wengine wamezaliwa huko huko, na bwawa la namna hiyo liko nyuma ya shule yao. Mjukuu akimwambia bibi yake kwa simu kwamba leo amecheza juu ya maji, bibi asidhani kuwa anataniwa. Wala asiishie kustaajabu tu, maana lipo swali la kumwuliza: barafu hiyo ilikuwa na unene gani, na nani aliyeipima?

Habari za wasafiri wa kale

Waandishi wa Kiislamu waliyajua mambo haya zamani sana. Mwaka 309 wa Hijra, ndio 921 wa Miladi, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipeleka ujumbe kwa mfalme wa Wabulghari waliokaa kando ya mto Volga, na katika ujumbe huo alikuwamo Ahmad ibn Fadlan, ambaye ametuachia maandishi ya safari hiyo. Baridi iliwakuta njiani, katika nchi ya Khwarazm, ikawalazimu kukaa miezi katika mji wa Jurjaniya. Hapo Ibn Fadlan aliuona mto Jayhun, huo uitwao leo Amu Darya, umeganda wote, ng'ambo hadi ng'ambo, na unene wa barafu yake shibiri kumi na saba. Farasi, nyumbu, punda na magari ya kukokotwa yalipita juu yake kama yapitavyo barabarani, na mto ukadumu katika hali hiyo miezi mitatu. Anasema pia kwamba alikuwa akitoka hamamuni na kuingia nyumbani, akizitazama ndevu zake huona zimekuwa pande moja la barafu, mpaka akae karibu na moto ziyeyuke.

Shibiri kumi na saba ni zaidi ya mita 3. Msomaji akitaka kuzipunguza kidogo hatutamlaumu, kwa sababu mtu aliyeshikwa na baridi ya namna ile hupima kwa mkono na kwa hofu pamoja. Walakini habari yenyewe ni ya mtu aliyeona kwa macho yake.

Ibn Fadlan hakutaja kuteleza kwa miguu. Aliyetaja ni tabibu mmoja wa karne ya 6 ya Hijra, Sharaf al-Zaman al-Marwazi, alipoeleza habari za watu wakaao mbali kaskazini kupita Wabulghari. Msafiri aendaye kwao, asema, hujifunga miguuni mifupa ya mapaja ya ng'ombe, akashika mikononi fimbo mbili mfano wa mikuki, akajisukuma kwa kuzichoma nyuma yake, na miguu ikateleza mbele. Upepo ukimsaidia huenda mwendo mrefu kwa siku moja.

Ajabu ni kwamba katika karne ile ile, yaani miaka ya 1170 na kitu ya Miladi, kasisi mmoja wa London, William Fitzstephen, alieleza jambo hilo hilo kwa vijana wa mji wake: kinamasi kikubwa kilichokuwa nje ya ukuta wa kaskazini kilipoganda, walijifunga mifupa ya wanyama miguuni na kujisukuma kwa fimbo zenye ncha ya chuma. Mifupa ya namna hiyo, iliyolainika upande mmoja kwa kusuguliwa na barafu, imefukuliwa mahali pengi kaskazini mwa Ulaya.

Mfupa una upungufu wake. Unateleza, lakini hauumi. Kwa hiyo mwenye mifupa miguuni hawezi kwenda bila fimbo. Waholanzi ndio waliobadili mambo katika zama za kati walipofunga ulimi wa chuma chini ya kipande cha mti. Makali ya chuma hukata mstari mwembamba katika barafu, na mguu ukipata mahali pa kushika waweza kusukuma kwa ubavu, mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo fimbo hazikuhitajika tena, na safari ikageuka mchezo.

Namna maji yanavyoshika

Vitu vingi vikipoa hujikunja na kuwa vizito zaidi kwa kiasi kile kile cha nafasi. Maji nayo hufanya hivyo, lakini yakifika kadiri ya digrii 4 za sentigredi huacha desturi hiyo, na toka hapo kadiri yapoavyo ndivyo yatanukavyo. Matokeo yake ni makubwa. Maji ya juu ya bwawa yakipoa hadi digrii 4 huzama, ya chini yakapanda nayo yakapoa, mpaka bwawa zima liwe sawa. Kisha yale yazidiyo kupoa hubaki juu kwa kuwa sasa ni mepesi, na hapo ndipo yagandapo. Barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji kwa sehemu moja katika kumi na mbili hivi, kwa hiyo huelea. Samaki huishi chini yake majira yote ya baridi chini ya paa hilo. Lau barafu ingalizama, mabwawa yangalijaa barafu toka chini, na samaki wasingalisalia. Ametakasika Yeye aliyekipa kila kitu kipimo chake.

Ngozi ya kwanza ikishatanda, barafu hukua kwa kuelekea chini. Nayo kadiri inenepavyo ndivyo inavyokawia kunenepa, kwa kuwa baridi ya hewani yapaswa kupenya barafu iliyopo kabla ya kuyafikia maji. Theluji ikianguka mapema juu ya barafu changa huwa kama blanketi, ikazuia baridi isipite. Kwa hiyo wenye bwawa huamka na mafagio wakaifagia, si kwa ajili ya usafi bali ili barafu ipate nguvu.

Barafu bora ni ile iliyo wazi kama kioo, ambayo ukiitazama waona weusi wa maji chini yake. Ile nyeupe ina hewa na theluji ndani yake, na nguvu zake hukadiriwa kuwa nusu tu ya ile nyeusi. Tena bwawa moja halina unene mmoja. Chini ya daraja barafu huwa nyembamba, kadhalika mahali penye chemchemi, penye matete, maji yanapoingia au kutoka, na pale bata wanapokusanyika, maana wao huyachezea maji usiku kucha yasishike. Mtu aweza kusimama salama hapa, na hatua kumi mbele akatumbukia. Wenyeji wa kweli wa barafu hawaulizi kama bwawa limeganda, bali huuliza limeganda wapi.

Kwa nini barafu huteleza? Waalimu wa zamani walifundisha kwamba uzito wa mtu huiyeyusha chini ya chuma. Hesabu zimeonyesha kuwa uzito huo hautoshi baridi inapokuwa kali. Tayari mwaka 1850 Michael Faraday alieleza rai yake kwamba barafu kwa tabia yake ina utando wa majimaji juu yake, na uchunguzi wa baadaye umemwunga mkono kwa sehemu kubwa, pamoja na joto la msuguano. Mabishano hayajesha, lakini hayajamzuia mtoto yeyote kuteleza.

Watu wa Friesland

Nchi ya Uholanzi ni tambarare, sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari, nayo imekatwa kwa mifereji na mitaro kama kitambaa kilichopigwa mistari. Mchoraji Hendrick Avercamp wa mji wa Kampen, aliyezaliwa mwaka 1585 na kufariki mwaka 1634, alikuwa bubu, na karibu maisha yake yote aliyatumia kuchora watu juu ya barafu. Katika picha zake yumo tajiri na maskini, mzee na mtoto, wa kuanguka na wa kucheka, kila mtu pamoja. Miaka ile ilikuwa ya baridi kuliko hii yetu.

Kaskazini mwa nchi hiyo kuna jimbo la Friesland, lenye lugha yake na maziwa yake, na huko kuteleza si mchezo wa wachache. Vijiji vingi vina chama cha barafu. Chama hicho huwa na shamba la majani lililozungushiwa tuta dogo. Majira ya baridi yakikaribia hujazwa maji ya kina kifupi, na baridi ikija shamba zima huganda. Faida yake ni kwamba barafu ikivunjika mtoto hulowa soksi tu. Hapo ndipo wanapoanza wadogo. Mtoto hupewa kiti cha jikoni, akakishika kwa nyuma na kukisukuma mbele yake juu ya barafu. Kiti ndicho mwalimu wake, hakimkemei wala hakimwachi. Baada ya siku chache hukiacha. Baridi ikiwa nzuri shule nyingine hutoa siku ya mapumziko ili watoto waende barafuni, kwa sababu kesho huenda isiwepo.

Kando ya barafu huwa na vibanda vya kuuza chakula na vinywaji vya moto. Zamani kinywaji chenyewe kilikuwa na kileo. Siku hizi kinachouzwa sana ni maziwa moto yenye chokoleti, na supu nzito ya njegere. Supu hiyo, kwa desturi ya Waholanzi, hupikwa kwa nyama ya nguruwe, hata kama haionekani katika bakuli. Familia ya Kiislamu iendayo huko yafaa iulize kwanza, au ichukue chupa yake ya chai ya tangawizi toka nyumbani, nayo haishindwi na supu yoyote.

Safari ya miji kumi na mmoja

Friesland ina miji kumi na mmoja ya kale, nayo yote imeunganishwa kwa maji. Tangu zamani walikuwapo watu waliojaribu kuizunguka yote kwa siku moja juu ya barafu. Tarehe 2 Januari 1909 yalifanywa mashindano rasmi ya kwanza, na jina lake ni Elfstedentocht, yaani safari ya miji kumi na mmoja. Mwendo wake ni kadiri ya kilomita 200, ambao si mbali sana na mwendo wa barabara toka Dar es Salaam hadi Morogoro. Huanza na kuisha katika mji wa Leeuwarden. Watu huondoka usiku bado na giza, hugongewa muhuri katika kila mji, na afikaye kabla ya saa sita ya usiku hupata nishani ndogo, ambayo katika nyumba za huko hutunzwa kama hati ya shamba. Mahali ambapo barafu haifai, wao hupanda ukingoni na kutembea kwa viatu vile vile vya chuma juu ya mazulia yaliyotandikwa, kisha hushuka tena.

Wenye mbio zao huenda mbele, lakini nyuma yao huja maelfu ya watu wa kawaida ambao hawashindani na mtu.

Mashindano yaliyokaa zaidi katika kumbukumbu ni ya tarehe 18 Januari 1963. Asubuhi ile baridi ilikuwa digrii 18 chini ya sifuri. Kisha ukaja upepo mkali, ukaichukua theluji na kuirundika juu ya barafu, nyufa zikafichika, na watu wakawa wanakwenda kwa kupapasa. Wengine walivunjika mikono na miguu, wengine walishikwa na baridi machoni. Katika zaidi ya watu 9,000 wa msafara wa kawaida walioondoka Leeuwarden, waliofika mwisho ni 69 tu. Aliyeshinda mbio ni Reinier Paping, ambaye alikwenda peke yake mbele ya wote karibu nusu ya njia, akafika baada ya saa 10 na dakika 59. Malkia Juliana alikuwapo kumpokea. Paping alifariki Desemba 2021 akiwa na umri wa miaka 90, na mpaka siku hiyo Waholanzi walimwita kwa siku moja ya maisha yake.

Waliorudi nyuma siku ile hawatajwi sana. Sisi twaona nao wana heshima yao, maana kuna waliosimama katika mji wa tano au wa sita wakiwa bado na nguvu, wakaitazama theluji ile, wakasema inatosha, wakarudi kwa watoto wao.

Baada ya hapo barafu ilikosekana miaka 22. Safari ikafanywa tena mwaka 1985, ikafuatwa na ya 1986, na mara zote mbili alishinda Evert van Benthem, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Katika ile ya 1986 alikuwamo kijana mmoja aliyejiandikisha kwa jina la W. A. van Buren, kumbe alikuwa Willem-Alexander, mwana wa Malkia, ambaye sasa ndiye mfalme wa Uholanzi. Ikapita miaka 11 mingine. Tarehe 4 Januari 1997 alishinda Henk Angenent, mkulima wa mboga. Hiyo ilikuwa mara ya 15 tangu 1909, na tangu siku hiyo safari haijafanyika tena.

Sentimita kumi na tano

Sharti la safari hiyo ni moja: barafu iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima. Njia imegawanywa sehemu 22, na kila sehemu ina msimamizi wake anayeijua kama mvuvi wa kwetu aijuavyo miamba ya kijiji chake. Baridi ikiingia, wasimamizi hao hutoka na kutoboa mashimo na kupima. Februari 2012 nchi nzima iliwangojea. Barafu ilikuwa nzuri kaskazini; jeshi na wananchi walikuwa wakifagia theluji; magazeti hayakuwa na habari nyingine. Wasimamizi wakakutana, wakaleta vipimo vyao, na upande wa kusini barafu haikutosha. Wakasema hapana. Hasara ya fedha ilikuwa kubwa na huzuni ikawa kubwa zaidi, lakini hakuna mtu aliyepelekwa juu ya barafu nyembamba kwa ajili ya kelele za watu.

Majira ya baridi ya Uholanzi yamepungua ukali kwa sababu dunia inapata joto, na matumaini hupungua mwaka hadi mwaka. Tangu 1989 Waholanzi husafiri kwa maelfu kwenda Weissensee, ziwa la milimani katika Austria lililo mita 930 juu ya bahari, wakazunguka huko kilomita 200 juu ya barafu ya watu wengine. Na Juni 2019 Maarten van der Weijden, bingwa wa kuogelea aliyewahi kuugua saratani ya damu, alikata shauri kuipita njia ya miji kumi na mmoja kwa kuogelea, akakusanya fedha za uchunguzi wa saratani. Mwaka uliotangulia alijaribu akashindwa baada ya kilomita 163. Mara hii alimaliza. Mabibi na mabwana waliosimama ukingoni kumshangilia walikuwa pale pale waliposimama mwaka 1997, ila sasa maji yalikuwa maji.

Hata Kanada mambo yamebadilika. Katika mji wa Ottawa kuna mfereji wa Rideau, ambao sehemu yake ya kilomita 7.8 hufunguliwa kwa watelezaji barafu ikifika sentimita 30. Desturi hiyo ilianza mapema katika miaka ya 1970. Majira ya 2022–23 haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Majira yaliyofuata ulifunguliwa siku chache tu, kisha katika majira ya 2024–25 barafu ikarudi kwa wiki nyingi. Barafu haikukoma, bali imekuwa haina ahadi.

Hatari ya barafu isiyo na ahadi

Na hapa ndipo tunapotaka wazazi wasome kwa utulivu. Mtu angedhani kwamba baridi ikipungua hatari nayo hupungua. Mwaka 2020 wataalamu walioongozwa na Sapna Sharma wa York University, Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vifo zaidi ya 4,000 vya watu waliozama majira ya baridi katika nchi 10. Walikuta kwamba vifo huzidi pale baridi inapokuwa hafifu, kati ya sifuri na digrii 5 chini yake. Sababu si ngumu kufahamu. Katika baridi kali barafu hushika, na katika joto hakuna barafu ya kukanyagwa. Bali katika hali ya katikati huwapo barafu ionekanayo kuwa barafu. Juu ya hayo, palipokuwa na barafu kila mwaka mtoto alifundishwa na babu yake kuisoma. Sasa babu yuko, ila barafu ya kufundishia haipo. Mgeni kutoka nchi za joto yu katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa babu yake wa Pemba alimfundisha maji kupwa na kujaa, wala hakuwa na la kumfundisha katika hili.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada hushauri unene wa sentimita 15 kwa mtu mmoja anayetembea au kuteleza, na 20 kwa kundi la watu wanaocheza. Vipimo hivyo ni vya barafu iliyo wazi na imara; nyeupe yataka unene maradufu. Asiyeweza kupima na aende mahali palipopimwa na wenye dhamana ya mahali hapo. Alama za nyayo za watu wengine si kipimo, huenda zilikanyagwa jana asubuhi kabla ya jua.

Akitumbukia mtu, dakika ya kwanza ndiyo iuayo wengi, maana maji baridi humfanya avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na akiwa chini ya maji huvuta maji. Ashike ukingo, atulie mpaka pumzi imrudie. Baada ya hapo ana kadiri ya dakika kumi ambazo mikono bado humtii. Na ageukie kule alikotoka, kwa sababu barafu ya kule ndiyo iliyomchukua mpaka hapo. Aweke mikono juu yake, apige miguu kama anayeogelea mpaka mwili ulale, ajivute kwa tumbo. Akishatoka asisimame, bali abingirike au atambae mpaka mbali. Waholanzi na Waswidi wengi huvaa shingoni misumari miwili yenye mipini, ya kuchomea barafu wakati kama huo, nayo ni ya bei ndogo.

Anayetaka kumwokoa mwenzake asikimbilie penye shimo. Wako wazazi waliozama kwa kumfuata mtoto, na wako waliomfuata mbwa. Apige kelele, aite waokoaji kwa simu, kisha alale chini na kusogeza kamba, ngazi, tawi, au hata shali ndefu. Mama mwenye mtandio mrefu ana kamba mwilini mwake.

Mzazi asiyependa hatari zote hizi si lazima amkataze mwanawe. Yale mashamba ya maji ya kina kifupi yako bado, na vyama vyake vinaendelea. Viko pia vyama vya Uholanzi ambavyo vimeacha kulingojea bwawa, vikajenga viwanja vya lami. Usiku wa kwanza wa baridi wazee wa chama hutoka na mipira ya maji, wakanyunyiza utando mwembamba kama karatasi, wakangoja ushike, wakanyunyiza tena, na tena, hata alfajiri. Barafu ikifika sentimita 3 hutosha kwa mashindano ya kwanza ya mwaka, na vijiji kama Noordlaren, Haaksbergen na Winterswijk hushindana nani atatangulia kuzifikisha. Mshindi hutajwa katika habari za taifa zima. Baada ya siku mbili tatu joto likarudi, lami ikalowa, nao wakakunja mipira yao na kuangalia tena utabiri wa hali ya hewa.